Tisheti Nilizokataa Kupokea

Nyinyi mnaoanza kazi za stoo na manunuzi, sikilizeni. Iko siku mtawekewa karatasi mezani na kalamu juu yake, na mtu mwenye cheo kikubwa kuliko chenu atasimama hapo akitazama saa. Atasema, "Ni tisheti tu. Tia sahihi tuendelee na kazi." Mimi niliwekewa karatasi hiyo nikiwa na miaka hamsini na saba. Sikutia sahihi. Leo nimestaafu, magoti yananisumbua, na bado nikikumbuka siku ile mgongo wangu unanyooka wenyewe.

Jina langu ni Rosa Adongo, lakini kazini waliniita Mama Stoo. Kampuni yetu ilinunua samaki kwa wavuvi, ikawapakia kwenye barafu, ikawaleta Kisumu kukatwa na kufungashwa. Karibu miaka thelathini nilitunza visu, aproni, glavu, gambuti na sare. Watu hudhani kazi ngumu hapo ilikuwa visu. Visu havina neno. Kazi ngumu ni sare, kwa sababu sare huvaliwa na mtu, na mtu ana kifua, ana tumbo, ana jasho, na ana heshima yake.

Nianze na aibu yangu mwenyewe, msije mkadhani nilizaliwa najua.

Mara ya kwanza kupewa kazi ya kuchagua tisheti za kola za wafanyakazi wote, nilichagua kwa macho. Niliona rangi ya maruni kwenye duka moja la mjini, nikaipenda vile unavyopenda kitenge. Nikaipapasa kidogo, laini. Nikasema leteni. Zikaletwa, tukagawana siku ya Ijumaa, kila mtu akafurahi. Jumamosi yake tukaenda upande wa Katito kumzika mwenzetu, dereva wa lori la barafu. Tulikuwa tumekubaliana tuvae zile tisheti mpya, tumsindikize kama watu wa nyumba moja.

Mvua ikatukuta tukielekea kaburini. Haikuwa mvua ya kutisha, ya dakika kumi hivi. Wanaume sita walikuwa wamebeba jeneza mabegani, jeneza jeupe lililopakwa rangi vizuri. Walipolishusha, lilikuwa na michirizi ya maruni pande zote mbili. Nikaitazama mikono yangu, nayo ilikuwa maruni mpaka kwenye viwiko. Mjane akainua kichwa, akalitazama jeneza, akatutazama sisi, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nani alinunua hizi nguo?"

Nikanyoosha mkono. Sijui kwa nini sikujificha. Yule mama akatikisa kichwa, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka dada zake wakamshika wakidhani amezidiwa. "Yawa," akasema akijifuta machozi, "angekuwa hai angekutania mpaka ustaafu." Yeye alinisamehe palepale. Mimi ilinichukua muda.

Jumatatu nilipotoka kazini nilikwenda Obunga kwa Mzee Wambasi. Alikuwa fundi cherehani aliyetoka upande wa Bungoma zamani akiwa kijana, akazeekea Kisumu akishona sare za shule. Nilimwekea tisheti moja mezani. Hakuuliza habari zangu wala za mvua. Alichovya kona ya leso nyeupe kwenye maji, akaisugua kwapani mwa ile tisheti mara tatu, akaniinulia leso usoni. Maruni tupu.

"Ulifanya hivi kabla ya kununua?"

"Hapana, Mzee."

"Basi hukununua nguo. Ulinunua rangi."

Nilirudi kwake Jumamosi nyingi baada ya hapo, naye hakuchoka na mimi. Alinifundisha kuvuta kola na kuiachia: ikirudi mahali pake ni kola, ikibaki imelegea, baada ya kufuliwa mara tatu itajikunja kama sikio la mbwa. Alinifundisha kuigeuza tisheti ndani nje kabla ya kuisifu, kwa sababu mshonaji mvivu huficha uvivu wake begani na kwapani. Kufua sampuli mara tano kabla ya kusema neno, na kuipima kwa futi kabla na baada. Kuepuka kuweka nembo nzito ya uzi kwenye kitambaa chepesi, maana itakivuta na kila mtu ataonekana amebeba kitu mfukoni. Na kila sampuli niliyoikubali, aliniambia niikate katikati kwa mkasi, nusu aondoke nayo muuzaji, nusu ibaki kwangu, ili mzigo ukija ushikwe pamoja na ile nusu. Wauzaji walinichukia kwa ule mkasi. Wachukie tu.

Jambo la mwisho alilonionyesha ndilo muhimu kuliko yote. Alitia mkono ndani ya tisheti, akainyoosha kuelekea mlangoni penye mwanga. "Ukiweza kuhesabu vidole," akasema, "hiyo si ya mtu anayefanya kazi na maji."

Saizi nilijifunza mwenyewe kwa kuchekwa. Msimuulize mtu saizi yake. Mlinzi wetu wa getini, mwembamba kama mti wa ufagio, aliniandikia saizi kubwa kuliko zote, akaonekana anaishi ndani ya hema. Mama mmoja wa jikoni akaandika saizi aliyokuwa akivaa kabla ya watoto watano. Nilichofanya baadaye ni kumwambia kila mtu alete nguo moja ya nyumbani inayomkaa vizuri. Naitandaza mezani, napima kutoka kwapa mpaka kwapa, na kutoka bega mpaka chini. Nguo haijui kudanganya.

Sasa niwaambie habari ya karatasi ile.

Alikuja meneja mpya kutoka ofisi kuu ya Nairobi, Bwana Ogola. Sitamsema zaidi ya anavyostahili. Alikuwa mchapakazi na alifika kazini kabla ya wengi wetu. Ila alikuwa mtu wa picha. Wageni wa ng'ambo waliokuwa wakinunua samaki wetu walitarajiwa kuja kutembelea kila kituo, kuanzia ufuoni, na yeye alitaka wakute wafanyakazi wote wamevaa tisheti nyeupe za kola zenye nembo ndogo ya buluu.

"Tung'ae, Mama Stoo," akaniambia.

"Nyeupe mpaka kwenye kituo cha Asembo, bwana? Wale akina mama wanashika samaki na barafu kutwa nzima. Damu ya samaki kwenye nyeupe haitoki, inageuka kahawia."

"Zitafuliwa."

"Umekishika kitambaa chenyewe?"

Akanionyesha simu. Kulikuwa na picha ya kijana wa kizungu ametabasamu, mikono mfukoni, amesimama mahali pakavu. "Kitambaa ni kitambaa," akasema. "Nimeshaagiza."

Maboksi yalifika wiki iliyofuata. Nilifungua la kwanza, nikatia mkono ndani ya tisheti, nikaielekeza dirishani. Vidole nilivihesabu, na pete nikaiona, na kovu la kisu kwenye kidole cha shahada nikaliona. Zote zilikuwa za mkato wa kiume, nyembamba kifuani, fupi nyuma. Nikaenda nayo kwenye bomba, nikailowesha. Ikawa kama karatasi ya nailoni unayofungia mkate.

Bwana Ogola akaja na karatasi ya kupokea mzigo. Nilimwonyesha ile iliyolowa. Aliitazama upesi, akatazama saa yake.

"Ni tisheti tu, Mama Stoo. Tia sahihi tuendelee na kazi."

"Nikitia sahihi nimesema mzigo ni mzuri. Si mzuri."

"Unajua mimi ndiye niliyeagiza?"

"Najua, bwana. Ndiyo sababu nakwambia wewe kwanza."

Kisha akachukua kalamu, akatia sahihi yake mwenyewe mahali pa jina langu, akaondoka. Nilirudi nyumbani jioni ile nikijiona shujaa. Mkono wangu ulikuwa safi.

Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili, na kosa hili ni kubwa kuliko la maruni, kwa hiyo lishikeni. Nilidhani kukataa kuandika kunatosha. Asubuhi iliyofuata lori la barafu liliondoka kwenda Asembo Bay na boksi la tisheti juu yake, na mimi nilikuwa stoo nimekaa nanywa chai.

Asembo tulikuwa na akina mama kumi na wawili. Wao ndio waliopokea samaki kutoka kwenye mitumbwi, wakawapima, wakawapanga kwenye kreti na kuwafunika barafu. Mkubwa wao alikuwa Dorina Awuor, mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kusimamisha watu. Alinipigia simu kabla ya saa sita mchana.

"Mama Stoo, hizi nguo zimetoka kwako?"

"Dorina, mimi sikuzitilia sahihi."

"Sikuulizi sahihi. Nakuuliza kama unajua tumevaa nini hapa."

Akanieleza. Msimamizi alikuwa ameambiwa kwa simu kwamba asiyevaa sare mpya arudi kwao. Wakavaa. Kreti ya kwanza ya barafu ilipoinuliwa, maji yakawamwagikia kifuani kama kila siku. Wavuvi waliokuwa wakitoa nyavu wakaacha nyavu. Mmoja akapiga mluzi, wengine wakaitana waje kuona. Wale akina mama, wengine wake za watu wa hapohapo, wengine mama zao na shangazi zao, wakakunja mikono vifuani. Na mtu hawezi kubeba kreti ya samaki akiwa amejikumbatia. Mmoja wao, aliyekuwa ameolewa hivi karibuni, alikimbilia nyuma ya banda la kupimia na akakataa kutoka.

"Mume wake anavua hapa hapa bichi, ufuoni kwetu," Dorina akasema. "Amemwona akiangaliwa. Sasa wewe niambie, nitoke niseme nini?"

Niliweka simu chini, na ile chai ikanishinda.

Kesho yake alfajiri nilipanda lori la barafu, mimi mwenyewe, nimeketi karibu na dereva na gunia magotini. Ndani ya gunia mlikuwa na tisheti za zamani za buluu, zimepauka lakini nzito. Sikuomba ruhusa kwa mtu yeyote. Tulipofika niliwasalimu, "Oyaore," wakaitikia kwa shingo upande, na nilistahili. Nikaenda nyuma ya banda nao, nikawagawia zile za buluu, nikakusanya nyeupe zote kumi na mbili, nikazishindilia kwenye gunia.

"Wakiwauliza," nikawaambia, "semeni Mama Stoo amezichukua kwa nguvu."

Dorina alinitazama kutoka kichwani mpaka miguuni. "Watakufukuza."

"Wanifukuze."

"Umebakisha miaka mingapi ustaafu?"

"Mitatu."

"Yawa, Rosa," akasema taratibu, na tangu siku ile hakuniita Mama Stoo tena.

Barua ya kuitwa kikaoni ilinifikia siku ya pili yake. Kikao kilikuwa kesho yake alasiri, kwenye chumba chenye meza ndefu. Walikuwepo wakurugenzi watatu, Bwana Ogola, na karani wa kuandika. Mimi niliingia nimevaa sweta nzito ya sufu siku ya jua kali. Mwenyekiti, mzee wa rika la marehemu baba yangu, aliniuliza kama naumwa.

"Siumwi, Mzee. Endeleeni."

Bwana Ogola akasoma makosa yangu. Nimekataa kupokea mzigo. Nimeondoka kituoni bila ruhusa. Nimechukua mali ya kampuni mikononi mwa wafanyakazi. Yote yalikuwa kweli, na nilipoulizwa nikasema ni kweli.

"Sasa, Mama," mwenyekiti akasema, "kwa nini? Miaka yote hii hatujawahi kusikia jina lako kwa ubaya."

"Naomba kwanza nimwombe Bwana Ogola kitu." Nikatoa tisheti moja nyeupe kwenye mkoba, nikaisukuma mezani mpaka mbele yake. "Aivae, halafu tummwagie maji kidogo, halafu azunguke na kreti mbele yenu."

Mtu mmoja akakohoa. Bwana Ogola akasema huo ni utoto, hajaja kuchezewa.

"Sawa," nikasema.

Nikasimama. Nikavua sweta. Ndani nilikuwa nimevaa tisheti nyeupe kama hiyo, saizi aliyopelekewa Dorina, na chini yake sidiria nyeusi niliyoichagua makusudi asubuhi ile mbele ya kioo. Nikachukua jagi la maji la wakurugenzi, lile la glasi, nikajimwagia kifuani lote.

Maji yalikuwa baridi. Niwaambie ukweli, nilikuwa na haya kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Mimi ni nyanya mwenye wajukuu saba, naimba kwaya ya akina mama kanisani.

Mwenyekiti akageuzia uso dirishani. Wengine wawili wakatazama makaratasi yao. Bwana Ogola akatazama meza.

"Ndiyo, geukeni," nikasema. "Dorina na wenzake hawakupata wa kuwageuzia uso. Walitazamwa na bichi nzima, na waliambiwa asiyevaa arudi kwao. Nyinyi mko watano tu, na mimi nimejimwagia mwenyewe. Wao walimwagikiwa kwa kazi yenu."

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye pindo la tisheti mpaka kwenye zulia.

"Vaa sweta, Mama," mwenyekiti akasema, bado anatazama nje. "Tafadhali."

"Nitavaa mkishaamua."

Wakaamua. Sijawahi kuona kikao cha kampuni kikifikia uamuzi upesi namna ile. Tisheti nyeupe zirudishwe zote, Mama Stoo achague nyingine, na hakuna sare itakayonunuliwa tena kabla ya wanaoivaa kuijaribu kazini. Kisha, kwa kuwa ofisi ni ofisi, nikapewa barua ya onyo kwa kuondoka bila ruhusa na kuchukua mali ya kampuni. Niliipokea kwa mikono miwili. Nikavaa sweta yangu, nikarudi stoo, nikafunga mlango, nikalia vizuri.

Tisheti mpya nilizichagua Asembo, sikuzichagua mjini. Nilipeleka sampuli tatu, nikazigawa kwa akina mama watatu, wakafanya nazo kazi wiki nzima na kuzifua kila jioni. Mmoja akasema mkono ni mfupi, barafu inachoma kiwiko. Mwingine akataka nyuma pawe parefu kwa sababu kazi yao ni ya kuinama. Dorina alitaka vifungo viwili tu, vya bapa, kwa kuwa uzi wa nyavu hunasa kwenye vifungo vya mviringo, jambo ambalo mimi na miaka yangu yote ya stoo nisingelijua kamwe. Tukafika kwenye kijani kilichokolea, pamba nzito iliyochanganywa kidogo ili ikauke upesi, mkato wa kike kwa wanawake na wa kiume kwa wanaume. Niliikata sampuli katikati mbele yao. Walipiga vigelegele kama harusini.

Tisheti zilipofika, nilizipeleka mwenyewe. Wavuvi walikuwepo, wengine wamesimama karibu wakijifanya wana shughuli. Dorina alivaa yake, akafunga vifungo vyote viwili, akaingia ziwani mpaka maji yakamfika shingoni. Akatoka taratibu, maji yakimtiririka, nguo imemshikilia kama nguo, hakuna kilichoonekana ila kijani. Akasimama mbele ya wale wanaume, mikono kiunoni.

"Haya," akasema. "Nani ana neno?"

Mzee mmoja mwenye mtumbwi akavua kofia. Yule mke wa mvuvi, aliyejificha nyuma ya banda siku ile, akainua kreti ya kwanza, na kazi ikaanza.

Bwana Ogola hakuniomba radhi, wala sikungoja. Ila siku moja aliingia stoo, akasimasimama, akasema anataka ya kijani ya kwake. Nikamwambia alete kwanza shati la nyumbani linalomkaa, nimpime. Alileta. Nilimpatia inayomtosha, maana kazi ni kazi.

Miaka mitatu ikapita. Wiki yangu ya mwisho, mama mmoja wa ofisi ya wafanyakazi, mpole sana, aliniita na faili langu. Akasema nimefanya kazi vizuri, si haki niondoke na doa. Barua ile ya onyo inaweza kutolewa, niandike tu mistari miwili ya kuomba.

"Nikiandika, mtaipeleka wapi?" nikauliza.

"Itachanwa tu, Mama Stoo. Itakuwa kama haikuwahi kuwepo."

Nikalifungua faili, nikaiangalia ile barua kwa mara ya mwisho. Ilikuwa na tarehe, na makosa yote mawili yameandikwa sawasawa, na jina langu kamili. Nikalifunga, nikamrudishia.

"Iacheni hapo," nikamwambia. "Atakayekalia kiti changu aikute, aisome."